Uchungu, Uvimbe na Saa Sita: Uhakiki wa Lugha ya Dawa za Maumivu kwa Mama Mjamzito

Kazi ya kusanifu istilahi za tiba imekwenda mbali tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Tunayo Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, tunayo Kamusi ya Tiba ya mwaka 2003, na tunazo orodha za Baraza lenyewe. Mtu anayedai leo kwamba Kiswahili hakina maneno ya utabibu hajafungua vitabu. Hata hivyo, liko eneo ambalo wahakiki wamelipita kama wapita njia, nalo ni lugha ya bahasha ya dawa na ya karatasi ya maelezo ikunjwayo ndani ya boksi. Maandishi hayo huingia katika nyumba ambazo hazijapata kuingia riwaya, na kosa lililomo ndani yake halina mwalimu wa kulisahihisha kwa kalamu nyekundu.

Katika makala haya nakusudia kuchunguza sehemu moja tu ya lugha hiyo: maelezo ya dawa za kutuliza maumivu anazoandikiwa mama mjamzito katika miezi ya mwisho. Kipimo changu ni msomaji wa Kwashemshi, wilayani Korogwe. Huko, kama katika vijiji vingine vya Korogwe na Handeni ambavyo majina yao huanza na Kwa-, Kiswahili huishi nyumba moja na Kisambaa, Kizigua na Kibondei, na mama husoma bahasha kwa Kiswahili alichojifunza shuleni na sokoni. Tafsiri inayoeleweka kwake bila mkalimani imefuzu. Tafsiri inayoeleweka katika ofisi ya mfasiri peke yake haijafuzu, hata ikiwa kila neno lake limo katika kamusi.

Kwanza tuujue ukweli wa dawa zenyewe, maana mhakiki asiyejua kinachotajwa huishia kupanga maneno. Mama huyu anaweza kukutana na dawa za aina tatu. Iko parasetamoli, ambayo ndiyo huchaguliwa kwanza katika mimba, kwa kiasi kidogo kinachotosha na kwa siku chache iwezekanavyo; mtu mzima hapaswi kupita vidonge vinane vya miligramu 500 katika saa 24. Ziko asprini, ibuprofeni, diklofenaki na indomethasini. Hizi huuzuia mwili kutengeneza prostaglandini, ambazo huleta maumivu. Lakini prostaglandini hizohizo ndizo zinazouacha wazi mshipa mfupi unaopitisha damu ya mtoto kando ya mapafu yake kabla hajazaliwa, na ndizo zinazosaidia figo zake kufanya kazi. Mama akimeza dawa hizi katika miezi mitatu ya mwisho, mshipa ule unaweza kuziba kabla ya wakati wake. Hata mapema zaidi figo za mtoto zinaweza kupunguza mkojo, na kwa kuwa mkojo huo ndio sehemu kubwa ya maji ya chupa ya uzazi, maji nayo hupungua. Kwa sababu hiyo, Oktoba 2020, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitahadharisha kwamba dawa hizi ziepukwe kuanzia wiki ya 20 ya mimba, isipokuwa mtaalamu akiona hapana budi. Aina ya tatu ni kodeini, tramadoli na mofini, ambazo nitazirudia.

Sasa tuitazame aina ya pili jinsi inavyoitwa. Wafasiri wetu, wakifuata neno kwa neno jina lake la kigeni, huandika “dawa za kupunguza uvimbe zisizo na steroidi”. Jina hili lina kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba linakitambulisha kitu kwa kile ambacho hakimo ndani yake. Hakuna mfugaji amwitaye mbuzi “mnyama mwenye pembe asiye ng’ombe”. Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Neno uvimbe, ambalo mfasiri amelitumia kwa maana ya mwako na wekundu wa mahali palipoumia, kwa mama mjamzito lina maana nyingine iliyo karibu naye mno: ni miguu yake. Miezi ya mwisho miguu huvimba. Mama asomaye “dawa ya kupunguza uvimbe” hasomi onyo, anasoma mwaliko. Na uvimbe huo ukipanda mikononi na usoni, ukafuatana na kichwa kinachouma sana na macho kuona ukungu, huenda ni dalili ya kifafa cha mimba, ambapo mama anatakiwa kuwa njiani kwenda zahanati, siyo nyumbani akihesabu vidonge. (Jina hilo kifafa cha mimba nalo lina kasoro zake, lakini hizo zina makala yake.) Kwa hiyo neno lililokusudiwa kumwonya mama dhidi ya dawa ndilo linaloipendekeza dawa hiyo kwa ugonjwa ambao haiutibu.

Napendekeza tuseme “dawa za jamii ya asprini”. Asprini inajulikana kijijini tangu enzi za wazee wetu, na Kiswahili kimezoea kuita ukoo kwa jina la mkubwa wao. Wanakemia watapinga, na hoja yao naijua: diklofenaki haifanani na asprini katika umbo lake la kikemikali. Ni kweli, lakini mama hatengenezi dawa, anaimeza, na kwa upande wa kumeza ndugu hawa wana tabia moja. Pingamizi jingine lina nguvu zaidi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza asprini ndogo, miligramu 75 kwa siku, kwa wajawazito walio katika hatari kubwa ya kupata kifafa cha mimba. Katazo lisemalo “asprini ni marufuku” lingemfanya mama huyo aitupe dawa inayomlinda. Basi onyo liseme: “Usimeze dawa ya jamii ya asprini ya kutuliza maumivu. Ikiwa kliniki imekupa asprini ndogo ya kila siku, usiiache bila kuwauliza.” Sentensi ni mbili badala ya moja, na karatasi itarefuka kidogo. Karatasi ni rahisi.

Neno la pili ni uchungu. Hapa Kiswahili chenyewe kimetuwekea mtego, na mfasiri asilaumiwe peke yake. Uchungu ni ladha ya mwarobaini, ni huzuni ya moyo, ni maumivu ya mwili, na kwa mama mwenye mimba ni jambo moja mahususi: kushikwa na uchungu, yaani kuanza kujifungua. Wako waandishi waonao kwamba maumivu na uchungu ni visawe, nao hubadilishana maneno hayo ili kuepa kurudia, kama walivyofundishwa katika insha. Matokeo yake karatasi moja husema “dawa ya maumivu” juu na “dawa ya kupunguza uchungu” chini. Msomaji wa Kwashemshi aelewe nini? Anaweza kuelewa kwamba dawa hii itamrahisishia kujifungua. Anaweza kuelewa pia kwamba itamwondolea uchungu uliokuja kabla ya siku zake. Na la kusikitisha ni kwamba maana hii ya pili haiko mbali na ukweli wa kitabibu, kwa sababu dawa za jamii ya asprini kweli huweza kuchelewesha uchungu na kuongeza hatari ya kutoka damu. Kisha tukumbuke kwamba katika matumizi yetu “dawa ya” haisemi kama dawa inaleta au inaondoa. Dawa ya mbu humwondoa mbu, dawa ya usingizi huuleta usingizi. “Dawa ya uchungu” yaweza kuwa yoyote kati ya hizo mbili, na wanawake wengi wanazijua dawa za miti zinazosifiwa kwa kuleta uchungu.

Shauri langu ni kwamba katika maandishi yote ya uzazi neno uchungu liachwe kwa kujifungua tu, na maumivu yatumike kwa mengineyo yote, hata kama neno litarudiwa mara kumi katika ukurasa mmoja. Walimu wa insha watusamehe. Kadhalika, “dawa ya maumivu” iandikwe kwa ukamilifu, “dawa ya kutuliza maumivu”, na kila mara ifuatwe na jina la dawa yenyewe. Zimo sokoni tembe zinazochanganya parasetamoli na diklofenaki katika kidonge kimoja, na asomaye jina la biashara peke yake hawezi kujua. Pia wako wanaoamini kwamba Panadol na parasetamoli ni dawa mbili, wakazimeza pamoja.

Nafika kwenye muda, na hapa naomba msomaji avumilie, maana jambo ni pana kuliko linavyoonekana. Bahasha zetu huandikwa “kutwa mara tatu”. Ni fungu fupi, zuri kulitamka, na limekaa katika lugha ya tiba kwa miaka mingi. Lakini kutwa ni nini? Jua likizama limekutwa. Mchana ni kutwa, usiku ni kucha. Fungu hili limeuhesabu mchana na kuuacha usiku bila hesabu. Mama mwenye maumivu ya mgongo, ambayo katika mimba kubwa huzidi alalapo, amemeza vidonge viwili viwili mara nne mchana kama alivyoambiwa, yaani vinane, ambavyo ndivyo mwisho wa siku nzima. Saa tano usiku maumivu yanamwamsha. Kutwa kumekwisha, kucha hakukutajwa. Anameza viwili tena, wala hajavunja agizo lolote aliloandikiwa.

Wengine, kwa kuliona tatizo hilo, wameandika “kila saa sita”. Huku ni kuruka majivu na kukanyaga moto. Katika Kiswahili saa sita ni muda na pia ni wakati wa siku. “Kila saa sita” kwa msomaji wa kawaida ni adhuhuri, na pengine usiku wa manane. Atameza mara mbili badala ya mara nne, dawa haitamtosha, na jirani mwenye huruma atampa diklofenaki iliyobaki ya mumewe. Hapo nina neno ambalo najua halitapendwa na wasomaji kadhaa wa jarida hili. Tumewakemea watu kwa muda mrefu kwa kusema “masaa”, kwa kuwa saa haibadiliki katika wingi. Kanuni hiyo ni sahihi kwa vitabu vya sarufi. Lakini wasemaji hawakubuni “masaa” kwa ujinga. Wamepata njia ya kutenganisha muda na wakati, na hakuna anayesema “masaa sita” akakusudia adhuhuri. Ikiwa Baraza haliko tayari kulikubali umbo hilo, basi bahasha ziandikwe “kila baada ya muda wa saa 6”, na chini yake zitajwe nyakati zenyewe: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni, saa 6 usiku, na kisha “usizidishe vidonge 8 kwa usiku na mchana”.

Mwezi nao una mtego wa namna hiyo. “Kuanzia mwezi wa saba usimeze dawa hii” huweza kusomwa kama Julai. Mamlaka za dawa huhesabu kwa wiki, mama huhesabu kwa miezi, na hesabu hizo mbili hazilingani sawasawa. Wilayani Korogwe kwenyewe, watafiti waliowafuatilia wajawazito kuhusu malaria kati ya 2008 na 2010 walitumia ultrasaundi kupima umri wa mimba. Hatuwezi kudai kipimo hicho kwa kila bahasha, lakini mkunga anaweza kuandika katika kadi ya kliniki tarehe ambayo wiki ya 20 inatimia, na onyo likasema “kuanzia tarehe iliyoandikwa katika kadi yako”. Tarehe haihitaji istilahi.

La “mwone daktari” nalipita upesi. Katika zahanati nyingi za vijijini anayehudumu ni tabibu, muuguzi au mkunga, na mama aambiwaye amwone daktari anaweza kufikiri ni lazima asafiri hadi Korogwe mjini. Iandikwe “mwone mhudumu wa zahanati”.

Imebaki aina ya tatu: kodeini, tramadoli, mofini. Kuna waandishi wanaoziita “dawa za kulevya”. Neno hilo limekwisha kumilikiwa na polisi na mahakama, na halirudi. Mfikirie mama mwenye selimundu, neno ambalo ni katika uundaji bora tulio nao, kwa maana lilichukua umbo la chembe ya damu na kulifananisha na mundu ambao kila mkulima anaujua. Maumivu ya selimundu yanaweza kuwa makali kiasi cha kuhitaji dawa hizi hata katika mimba, chini ya uangalizi. Akiisoma “dawa ya kulevya” juu ya boksi lake ataificha, au ataiacha ghafla, na kuacha ghafla kwa aliyezoea kuna hatari kwake na kwa mtoto. Kiswahili kinalo neno afyuni tangu zamani. “Dawa za jamii ya afyuni” lingesema asili yake na nguvu yake bila kumtia mgonjwa hatiani.

Mtoto ambaye mama yake alizitumia kwa muda mrefu anaweza kuzaliwa akipumua kwa shida, na katika siku za kwanza akapatwa na ile hali ambayo vijana wa mijini huiita arosto. Wafasiri huona haya kuliandika neno hilo katika karatasi ya serikali, na badala yake huandika “dalili za kuacha”. Kuacha nini, na nani ameacha? Ikiwa arosto ni neno la mtaani mno, basi zitajwe dalili zenyewe, kwa maneno ambayo bibi yeyote wa Kwashemshi angeyatumia: mtoto analia bila kubembelezeka, anatetemeka, ananyonya kwa shida, na halali.