Juu ya Neno "Wito"

Hapa Nyakato, na kando ya Ziwa lote, husikiwa mara nyingi ya kuwa ualimu ni wito, na uuguzi ni wito. Neno hili yafaa tulipime.

Wito hutoka katika kuita. Basi hapana wito pasipo mwenye kuita. Tena wazee wametuachia methali: Usikatae wito, kataa neno. Maana yake, mtu huenda, husikiliza aitiwalo, ndipo hukubali au hukataa. Lakini leo mwalimu huambiwa neno hili siku adaipo mshahara wake, wala hatajiwi aliyemwita. Hapo wito umekuwa kizibo cha kinywa.

Kiswahili kina njia iliyo bora. Mvuvi ana uvuvi, mhunzi ana uhunzi. Herufi u hushika mtu na kazi yake pamoja, wala haimnyimi ujira, kwani mvuvi hula samaki wake. Tumtazame jirani yetu Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Kitabu chake cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akakifasiri mwenyewe kwa Kiswahili. Kikachapishwa 1980, naye akafa 1981. Awe aliitwa au hakuitwa, sisi twamjua kwa uandishi wake.

Shauri letu ni hili: wito uachwe pale ajulikanapo mwenye kuita. Penginepo tuseme ualimu, nao ulipwe.