Maneno ya Kiingereza Yatupotezayo

Twataka kunena juu ya Biblia ya Kiingereza iliyopigwa chapa mwaka 1611 kwa amri ya Mfalme James. Uzuri wa lugha yake hatuwezi kuukana. Lakini kwetu sisi tuliojifunza Kiingereza shuleni, ina mtego. Neno tusilolijua halitudhuru sana, maana twalitafuta katika kamusi. Litudhurulo ni lile tudhanilo kwamba twalijua.

Sisi wenyewe tulinaswa. Siku moja tuliisoma habari ya watoto walioletwa kwa Bwana Yesu, katika Marko 10, huku tukiifasiri mbele ya watu. Tukakuta neno "suffer". Shuleni tulifundishwa kuwa maana yake ni kuteswa. Basi tukasema ya kuwa watoto hawana budi kuteswa ili wamfikie Bwana. Mama mmoja mwenye mtoto mgonjwa akainamisha kichwa. Ndipo mzee mmoja, asiyejua Kiingereza hata kidogo, akafunua kitabu chake cha Kiswahili, akasema, "Mwalimu, hapa sioni mateso, naona ruhusa." Naye alisema kweli. Zamani zile neno hilo lilikuwa na maana ya kuruhusu pia.

Tena yako mengine. "Prevent" siku hizi ni kuzuia. Katika 1 Wathesalonike 4 ni kutangulia, kwani asili yake ni Kilatini, nayo ni kuja mbele. "Meat" siku hizi ni nyama. Zamani ilikuwa chakula cho chote. Kwa hiyo sadaka ya Walawi 2 yaitwa kwa jina hilo, na ndani yake hamna nyama, ila unga na mafuta na ubani. Na "let" lashinda yote: mahali pengi ni kuacha jambo liwe, lakini katika Warumi 1:13 ni kuzuia! Ni maneno mawili ya kale yaliyokuja kuwa na sura moja.

Wenye lugha wenyewe waliliona jambo hili. Waingereza waliosahihisha Agano Jipya mwaka 1881 waliondoa "prevent" na "let" mahali hapo tulipotaja. Lakini "suffer" la Marko wakaliacha. Wamarekani, katika tafsiri yao ya mwaka 1946, waliliondoa, na mahali pake wakaweka "let".

Hatusemi kitabu hicho kitupwe. Twasema hivi: mwalimu asisimame kukifasiri mbele ya watu kabla ya kukilinganisha na Kiswahili, wala asione haya kumwuliza mzee. Kosa la ubaoni hufutwa kwa kitambaa, bali kosa liingialo moyoni mwa mama halifutiki upesi. Jioni ile tulikwenda nyumbani kwake, tukamweleza maana iliyo kweli. Akatuuliza mara mbili kama tuna hakika. Swali hilo lilikuwa haki yake.