Maonyesho ya Kuku Yasiyo na Kuku

Maonyesho ya biashara ni somo. Anayeyaandaa ni mwalimu, ukumbi ni darasa, mashine zilizopangwa ni zana za kufundishia, na mgeni aliyelipa kiingilio ni mwanafunzi. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kukaa nyuma ya darasa, kalamu mkononi, nikiwapima walimu wanafunzi waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Fomu yetu ilikuwa na mambo manne: kulijua somo, zana, lugha, na kumjua mwanafunzi. Naomba ruhusa ya msomaji niitumie fomu hiyo hiyo kuyapima maonyesho makubwa ya ufugaji wa kuku niliyoyatembelea Atlanta, jimbo la Georgia, Marekani, mwishoni mwa Januari 2025, nikiwa si mkuu wa chuo tena bali mfugaji wa kuku mia sita wa mayai huko Morogoro.

Mkaguzi haendi mikono mitupu. Huenda na swali. Langu nilipewa na wengine. Kila mwaka walimu niliowafundisha hustaafu, na baadhi yao huja kubisha hodi kwangu. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, swali huwa lile lile: "Mwalimu, kiinua mgongo kikitoka, nifuge kuku?" Wapo waliofuga wakasomesha wajukuu. Wapo pia waliojenga banda, wakaleta vifaranga elfu moja kwa mkupuo, na mwaka haukwisha banda likageuka stoo ya mkaa. Fedha ya utumishi wa miaka thelathini na tano haiji mara mbili. Kwa hiyo mwanangu anayeishi huko aliponialika na kunilipia kiingilio, nilikwenda na swali la wastaafu hao.

Maonyesho haya hufanyika kila mwaka, mwezi Januari, katika jumba liitwalo Georgia World Congress Center. Huendeshwa na vyama vitatu: cha wenye kuku na mayai, cha watengenezaji wa chakula cha mifugo, na cha wasindikaji wa nyama. Tangu 2013 yanajulikana kwa jina moja, International Production & Processing Expo. Makampuni zaidi ya 1,200 huweka mabanda yao humo, na wageni hufika wapatao 30,000. Mtu wa umri wangu hayamalizi kwa siku tatu, hata akiwa na viatu vizuri.

Katika kulijua somo, mwalimu huyu anastahili alama zote. Wamarekani wanaifahamu kazi hii kwa sababu ndio walioigeuza kuwa kiwanda. Husimuliwa kwamba mwaka 1923 mama mmoja wa Ocean View, jimbo la Delaware, aitwaye Cecile Steele, aliagiza vifaranga 50 akaletewa 500. Hakuvirudisha. Alivikuza akaviuza kwa nyama, akapata faida, na majirani wakamwiga. Kabla ya hapo kuku wa kuliwa alikuwa aghalabu jogoo wa ziada au mtetea aliyechoka kutaga. Mwaka 1948 yakafanyika mashindano ya taifa zima ya kumtafuta "Kuku wa Kesho", mwenye kidari kinene na anayekua upesi.

Matokeo yake ni haya. Kwa takwimu za wenye viwanda wenyewe, mwaka 1925 kuku wa nyama alihitaji siku 112 kufikia kilo moja na ushei, akila karibu kilo tano za chakula kwa kila kilo ya uzito. Siku hizi huchukua siku 47 hivi kufikia karibu kilo tatu, akila chini ya kilo mbili kwa kila kilo. Zamani katika kila mia walikufa 18. Sasa hufa kama watano. Si haba.

Lakini elimu hiyo ilikuja na gharama yake. Katika wilaya hiyo hiyo ya Sussex alikoishi Mama Steele kuna mahali paitwapo Gumboro. Hapo, mwishoni mwa miaka ya 1950, ndipo ulipoonekana kwanza ugonjwa ambao wafugaji wetu wa Kibaha na Mbeya hulitaja jina lake kila mara bila kujua kwamba ni jina la kijiji. Waliotangulia kujaza kuku pamoja ndio waliotangulia kukutana na maradhi ya kujazana. Katika mabanda niliyopita, dawa na chanjo ziliuzwa kwa wingi, ila historia hii sikuisikia ikisimuliwa. Mwalimu mzuri angeanzia hapo.

Zana ndizo zilizonistaajabisha. Kuna mashine inayochanja kifaranga akiwa bado ndani ya yai, siku ya kumi na nane au karibu yake, siku tatu kabla hajaanguliwa. Kuna mitambo inayotambua jinsia ya kiinitete ndani ya yai, jambo lililopata uzito tangu Ujerumani ipige marufuku kuua vifaranga madume wa siku moja, kuanzia tarehe 1 Januari 2022. Kuna feni kubwa zinazovuta hewa kutoka mwisho mmoja wa banda hadi mwingine, kamera zinazowatazama kuku usiku na mchana, na vinywesheo vinavyotoa maji tone kwa tone kuku anapodonoa, sakafu ikabaki kavu. Hivi vya mwisho ndivyo nilivyovitazama kwa muda mrefu, kwa kuwa sakafu mbichi ndiyo adui wangu wa kila masika.

Hata hivyo, zana moja haikuwapo. Sikuona kuku hai hata mmoja. Katikati ya mwezi huo huo homa ya mafua ya ndege ilikuwa imethibitishwa katika shamba la biashara la kuku jimboni Georgia, na serikali ya jimbo ikasimamisha maonyesho na minada yote ya kuku hai. Siilaumu. Sisi wenyewe tunaijua hofu hiyo: mwaka 2017 serikali yetu iliteketeza vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya kupitia Namanga, kwa hoja hiyo hiyo ya kuzuia maradhi. Ninachohoji ni kingine. Mwalimu asiyeweza kuleta kielelezo halisi darasani hufidia kwa picha na maelezo. Hapa picha zilikuwa nyingi, lakini kuku katika picha zote alikuwa mzima, mweupe, amenona. Wa kuhara damu, wa kupinda shingo, wa kukohoa usiku, hakuwapo. Mfugaji haendi kujifunza kwa sababu ya kuku mzima.

Kuhusu lugha, sizungumzii Kiingereza, ambacho nilikifundisha. Nazungumzia kipimo. Kijana mmoja aliyekuwa akiuza vinywesheo aliniuliza, "Una mabanda mangapi, mzee wangu?" Nikamwambia moja. Akauliza kama ni la kuku elfu ishirini au elfu thelathini. "Mia sita," nikamjibu. Hakucheka, maana alikuwa na adabu zake. Akanipa kalamu na mfuko wa kubebea karatasi. Lakini maelezo yaliishia hapo. Hakuwa na bei ya mtu wa mia sita, wala hakuwa na sentensi ya kumwambia.

Hapo ndipo tunapofika kwenye jambo la nne, kumjua mwanafunzi. Mwanzoni nilidhani tatizo ni udogo wangu mimi mtu wa mbali. Kumbe hata mfugaji wa Georgia si yeye anayesemeshwa hasa. Katika miaka ya 1930 mfanyabiashara wa Gainesville, mji ulio kaskazini mashariki ya Atlanta, aitwaye Jesse Jewell, alianza kuwakopesha wakulima vifaranga na chakula, kisha akiwanunua kuku wakikua. Mtindo huo ukaenea, na leo karibu kuku wote wa nyama wa Marekani hufugwa kwa mkataba. Kampuni ina vifaranga, chakula na dawa. Mkulima ana banda, deni la benki, na mizoga ya kuzika. Tena malipo yake mara nyingi hupangwa kwa kulinganishwa na majirani zake: aliyekuza kwa gharama ndogo huongezewa, wa mwisho hupunguziwa. Sisi walimu tunaujua mtindo wa kupanga darasa kwa nafasi. Hata darasa zima likiwa na akili, lazima mmoja awe wa mwisho.

Nilisikia mengi kuhusu gramu, mayai na nyuzi za joto. Kuhusu deni la banda, na nani hulibeba mkataba ukikatika, sikusikia neno. Kwa somo linalomhusu mkulima, hilo ni pengo kubwa.

Aliyenifundisha zaidi hakuwa na banda. Alikuwa mama mmoja Mkenya mwenye kiwanda kidogo cha kutotolesha vifaranga, aliyenisikia nikizungumza na mwanangu akageuka na kusema, "Karibu, Mwalimu, nimekujua kwa sauti." Nilipomwuliza anatafuta mashine gani, akajibu, "Mimi nauliza spea kwanza. Umeme ukikatika usiku, mashine ikiungua na mayai yangu elfu kumi yako ndani, fundi yuko wapi? Nairobi au Uholanzi?" Akaniambia kwamba swali hilo huwatenganisha haraka wauzaji wa kweli na wengine. Nililiandika.

Isidhaniwe kwamba nayasifu ya kwetu kwa kuyakosoa ya wenzetu. Katika Nane Nane utawaona kuku hai, utawashika, utapewa bei ya kifaranga chotara, Sasso au Kuroiler, na utaondoka umefurahi. Lakini mwulize mwenye banda kuku wake hula kilo ngapi kwa trei moja ya mayai, au katika mia wamekufa wangapi, mara nyingi atakujibu, "Wanafanya vizuri tu." Atlanta ina hesabu bila kuku, nasi tuna kuku bila hesabu.

Kwa fomu yangu, basi, maonyesho ya Atlanta napata kuyapa alama A kwa kulijua somo, A kwa zana, C kwa lugha, na D kwa kumjua mwanafunzi. Mwalimu wa namna hiyo hafukuzwi. Huitwa ofisini, akasifiwa kwanza, kisha akaambiwa arudi darasani awatazame walioketi nyuma.

Na wastaafu wangu? Wasiagize mashine. Chakula peke yake hula zaidi ya nusu ya gharama zote, na kuku wa mayai hula miezi minne hadi mitano kabla ya kutaga yai la kwanza. Kifo cha mitaji mingi hutokea katika miezi hiyo, kabla hata ugonjwa haujabisha hodi. Kideri kina chanjo ya tone la jicho inayostahimili joto, iliyobuniwa Australia na kutengenezwa hapa nchini, ya kurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Hiyo haihitaji safari ya Atlanta. Kinachofaa kuletwa kutoka huko ni ile tabia ya kuandika kila siku chakula kilicholiwa, mayai yaliyookotwa, na kuku waliokufa. Makampuni yale makubwa, pamoja na kamera zao, yanahesabu mambo hayo hayo matatu.

Kwa hiyo nikiulizwa tena kama mwalimu anayestaafu afuge kuku, jibu langu ni kwamba afuge. Aanze na kuku mia moja na daftari, na sehemu kubwa ya kiinua mgongo ibaki benki mpaka daftari hilo limalize mwaka mzima bila ukurasa mtupu.