Kalamu na Penseli: Ngano Katika Vazi la Historia

Mhakiki wa fasihi simulizi aghalabu huitafuta ngano kando ya moto wa jioni, akasahau kwamba kumbi za semina nazo zina zake. Mojawapo iliyoenea mno ni hii: Wamarekani walitumia mamilioni ya fedha za umma kubuni kalamu ya kuandikia angani, Warusi wakachukua penseli.

Kihistoria, kisa hiki hakisimami. Wamarekani nao walitumia penseli. Mwaka 1965 shirika lao la anga, NASA, liliagiza 34 kwa dola 128.89 kila moja, umma ukanung'unika. Kalamu yenyewe ilibuniwa na kampuni ya Paul Fisher kwa gharama yake, wala si ya serikali. NASA ilinunua takriban 400 mwaka 1967, kwa bei isiyofika dola 7 kwa kila moja. Mwaka 1969 Wasovieti nao wakazinunua.

Mbona basi kisa hakifi? Kwa maoni yetu, jibu limo katika fani. Wahusika ni wawili tu, tena bapa: mwenye nguvu asiye na akili na mnyonge mwerevu. Ni Fisi na Sungura waliovishwa mavazi ya wanaanga. Tamati yake ni neno moja, na msikilizaji hucheka akijihesabu upande wa Sungura. Ukweli hauna mshindi, wala pa kuchekea.

Wapo watakaosema kwamba ngano haipimwi kwa mizani ya historia. Hoja hii ina mashiko kumhusu Sungura, kwani hadhira yake haidanganyiki. Ngano ya kalamu, kinyume chake, hudai kuaminiwa, na husimuliwa ili kuthibitisha kwamba utafiti ni ubadhirifu. Tena kilichoachwa nje ndicho kizito. Unga wa grafiti hupitisha umeme. Mti wa penseli huwaka. Januari 1967 wanaanga watatu walifariki motoni ndani ya chombo cha Apollo 1, kingali ardhini. Penseli haikuwa chanzo, lakini baada ya msiba huo kila kiwezacho kuwaka kilitazamwa kwa jicho jingine. Tahadhari hiyo ndiyo ambayo ngano huigeuza kuwa upumbavu.

Kwa hiyo, mhakiki asitosheke kusema kwamba hii ni ngano tu. Na amwulize mtambaji: umetuficha nini ili tupate kucheka?