Kocha Mwema wa Sinema na Christy Martin wa Kweli

Filamu ya Million Dollar Baby imekwisha kupigiwa makofi ya kutosha. Ilitoka mwishoni mwa 2004, na mwaka uliofuata ikabeba tuzo nne za Oscar, ikiwemo ya filamu bora, ya mwongozaji Clint Eastwood na ya mwigizaji bora wa kike, Hilary Swank. Kwenye vibanda vya video vya mitaani kwetu nimeona wanaume wazima na ndevu zao wakiilia. Sina ugomvi na machozi yao. Ugomvi wangu unatokana na swali moja tulilofundishwa kuliuliza kila tukishika kitabu, halafu tukishafanya mtihani tunalitupa: hivi hadithi hii ni ya nani?

Jibu la haraka ni Maggie Fitzgerald, mhudumu wa mgahawa aliyevuka miaka thelathini, mtoto wa kimaskini kutoka vilima vya Missouri, anayetaka kuwa bondia kwa nguvu zote. Haya, sasa sikiliza sauti inayosimulia. Ni ya Scrap, bondia mstaafu anayefagia ukumbi wa mazoezi. Anamsimulia nani? Mwishoni kabisa tunaambiwa kwamba yote tuliyosikia ni barua, na anayeandikiwa ni binti wa kocha Frankie, binti asiyetaka kuongea na baba yake, ili ajue mzee wake alikuwa mtu wa namna gani. Kwa hiyo mwanamke anapigana, anavunjika shingo, anapooza, anakufa, na yote hayo yanakuwa ushahidi wa kumtetea Frankie mbele ya mwanawe. Kwa lugha yetu ya darasani, mhusika mkuu ni kocha. Maggie ni mhusika mjenzi aliyepewa picha kubwa kwenye bango.

Nisieleweke vibaya. Fani ya filamu hii ni safi, na chanzo chake ni mtu ninayemheshimu sana. F.X. Toole lilikuwa jina la kalamu la Jerry Boyd, mzee aliyekaa kwenye kona za mabondia akiziba majeraha yao kati ya raundi na raundi. Kitabu chake cha kwanza, Rope Burns, kilitoka 2000, yeye akiwa na miaka 70. Alifariki 2002, filamu hakuiona. (Wewe mwenzangu uliyenuna kwa kurudishiwa mswada mara mbili, hebu tulia kidogo.) Ndiyo maana mambo ya damu katika filamu yana ukweli wa mtu aliyeyashika kwa mikono. Pale Maggie anapovunjwa pua, kocha anaiweka sawa papo hapo na kumwambia ana sekunde chache tu kabla damu haijarudi. Hilo hulipati kwa kukaa mezani na kubuni.

Lakini wakati dunia inamlilia Frankie, alikuwepo bondia mwingine mwenye pua, mwenye kocha, tena mwenye jina. Christy Martin alizaliwa 1968 West Virginia, Marekani, baba yake akiwa mchimba makaa ya mawe. Chuoni alikuwa mchezaji wa mpira wa kikapu. Akaingia kwenye mashindano ya ngumi ya akina mama wa kawaida, yale ya mzaha mzaha, akashinda. Akapelekwa Bristol, Tennessee, kwa kocha aitwaye Jim Martin. Kama Frankie wa kwenye filamu, Jim hakutaka kufundisha mwanamke. Yeye mwenyewe aliwaeleza waandishi kwamba alishapanga binti huyo avunjwe mbavu mazoezini ili aondoke zake. Alipoona ngumi za yule binti akabadili mawazo. Baadaye wakaoana, bwana akiwa amemzidi mkewe kwa miaka kama 25.

Unaona? Mwanzo ni ule ule. Kocha mzee mkali, binti maskini mbishi, mlango unaofunguliwa kwa shingo upande. Sinema ikautumia kutuonyesha moyo wa dhahabu uliojificha. Magazeti nayo yaliona hivyo hivyo kwa Christy na Jim. Mwaka 1993 promota Don King akamsaini, na hakuwa amewahi kusaini mwanamke. Tarehe 16 Machi 1996, Las Vegas, pambano lake na Deirdre Gogarty likawekwa kusindikiza lile la Mike Tyson na Frank Bruno. Gogarty alikuwa Mwairishi aliyelazimika kuhamia Marekani kwa sababu kwao mwanamke hakuruhusiwa kupigana ngumi za kulipwa. Raundi zilikuwa sita. Pua ya Christy ikapasuka, damu ikatapakaa kwenye nguo yake ya pinki, naye akaendelea kwenda mbele tu. Alishinda kwa pointi. Tyson alimmaliza Bruno katika raundi ya tatu, lakini watu waliondoka wakizungumza habari za wale wasichana. Malipo yalikuwa dola 15,000 kwa Christy na 3,000 kwa Gogarty. Kwa usiku wa Tyson hizo ni hela za soda. Mwezi uliofuata Christy akatokea kwenye jalada la Sports Illustrated.

Hapa ndipo panaponiuma kama mtu anayejaribu kuandika riwaya. Yule Christy wa magazetini alikuwa mhusika aliyetungwa. Bukta ya pinki, mume pembeni, maneno kwamba nyumbani yeye ni mke wa kupika na kufua kama wenzake, na kejeli kwa wapinzani kwamba eti si wanawake sawasawa. Yeye mwenyewe alikuwa akipenda wanawake tangu ujana wake na alikuwa anaficha. Kwa maelezo aliyokuja kuyatoa, mumewe alimwambia kwa miaka mingi kwamba akithubutu kumwacha atamuua. Hebu fikiri mtu huyo akihojiwa: kila jibu analotoa kuna aliyekaa nyuma ya kiti analipima. Waandishi waliandika walichoambiwa. Kile kisa cha mbavu kilisomwa kama utani mtamu wa mwanzo wa mapenzi. Mimi nikikisoma leo nasikia baridi.

Na hatuna haja ya kujisifu kwamba sisi tungekigundua. Waandishi chipukizi wa rika langu tunawapenda sana hawa makocha wema. Soma miswada tunayopitishiana. Binti wa kijijini anakuja mjini, anakutana na mzee mwenye busara, mwalimu, mwanamuziki au mwenye gereji, naye anamnoa mpaka anang'aa. Halafu hatujui tumfanye nini, tunamuua. Hata Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya 1971, riwaya ninayoithamini kuliko nyingi, haikumwachia Rosa njia nyingine ila kujiua. Kezilahabi alikuwa anaishtaki jamii, alijua anachofanya. Sisi tunaoiga tunaua kwa sababu kifo kinafunga hadithi vizuri na msomaji analia. Million Dollar Baby imekitumia kifo kwa ufundi wa hali ya juu, lakini ni dawa ile ile: mwanamke anaomba afe, mwanaume anateseka kwa uamuzi, na sisi tunamwonea huruma mwanaume.

Tarehe 23 Novemba 2010, nyumbani kwao Apopka, Florida, Christy alikuwa amekwisha kusema anaondoka. Jim akamchoma kisu mara kadhaa, kisha akampiga risasi kifuani kwa bastola ya Christy mwenyewe. Akamwacha sakafuni, akaenda kuoga. Kuoga, bwana! Mtunzi gani angethubutu kuiweka hiyo? Christy aliposikia maji bafuni akajikokota, akatoka hadi barabarani, akasimamisha gari lililokuwa linapita. Akapona. Mwaka 2012 Jim alihukumiwa miaka 25, na 2024 akafia gerezani.

Angekuwa mhusika wetu, hapo tungemwandalia mwisho wa shangwe. Alikuwa na ushindi 49 na alitaka wa 50. Juni 2011, miezi saba haijatimia, akapanda ulingoni Los Angeles dhidi ya Dakota Stone, mpinzani aliyemshinda 2009 na kuchukua mkanda wa WBC. Alikuwa anaongoza. Raundi ya sita, ya mwisho, zikiwa zimebaki chini ya sekunde sitini, pambano likasimamishwa kwa sababu mkono wake ulikuwa umevunjika. Akahesabiwa kushindwa. Mwaka 2012 akajaribu tena, akapoteza kwa Mia St. John, akastaafu. Rekodi yake imebaki hivi: mapambano 59, ameshinda 49, amepoteza 7, sare 3. Moja ya zile saba ni ya Laila Ali, 2003, alipoangushwa raundi ya nne na binti mkubwa kuliko yeye kwa umbo na mdogo kwa umri. Ile 49 naipenda kuliko hamsini yoyote ambayo ningeibuni mimi.

Wapo watakaosema nalinganisha chungwa na nazi, filamu ya kubuni na maisha ya mtu. Sikubali. Hadithi za kubuni ndizo zinazotufundisha uso upi tuuamini. Watu waliokuwa wamezunguka ulingo ule miaka ya tisini walishaona katika sinema nyingi kwamba kocha mkali huwa anapenda kimoyomoyo, kwa hiyo walipomwona Jim walidhani wanamjua.

Christy alikuja kushika kalamu mwenyewe. Kitabu cha maisha yake, Fighting for Survival, alichokiandika pamoja na mwandishi wa ngumi Ron Borges, kilitoka 2022, mwaka ambao pia alisimikwa rasmi katika Ukumbi wa Heshima wa ndondi. Mwaka 2025 ikaja filamu ya David Michôd yenye jina lake tu, Christy, Sydney Sweeney akiwa bondia na Ben Foster akiwa Jim. Sinemani haikufanya biashara ya maana, ila angalau kocha hakupewa mtu wa kumwandikia barua ya kumsafisha.

Jambo moja zaidi. Mwaka 2001 Christy alipigana na Lisa Holewyne, wakakamilisha raundi kumi, Christy akashinda kwa pointi. Baada ya kushambuliwa 2010 wawili hawa wakawa karibu, na mwaka 2017 wakafunga ndoa. Hebu mpelekee mhariri wako hadithi fupi yenye mwisho huo. Atakurudishia, na pembeni ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba haiaminiki.