Makumbi Hula Kwanza

Yuko mkulima wa nyanya anayepima mbolea hadi gramu ya mwisho, anafuata maelekezo yote, na bado matunda yake yanaoza kitako. Duka la pembejeo humwambia kalsiamu imepungua. Anaongeza kalsiamu, na matunda yanaendelea kuoza. Mara nyingi tangi lake la mbolea halina kosa lolote. Kalsiamu imeliwa ndani ya mfuko wa makumbi alimopanda, na makumbi yenyewe, kabla mizizi haijaipata.

Kilimo hiki cha kupanda bila udongo kimeenea kwetu kwa sababu udongo ulianza kutusaliti. Bakteria wa mnyauko akishaingia kwenye ardhi ya kitalu nyumba, kung'oa miche iliyokufa hakusaidii, kwani hubaki ardhini kwa miaka. Mashamba ya maua ya Kenya nayo yalilazimika kutafuta njia nyingine pale methili bromaidi, gesi ya kusafishia udongo, ilipoanza kuondolewa chini ya Itifaki ya Montreal. Jibu moja likawa vumbi la makumbi, lile ambalo maduka huliita kokopiti. Huja katika matofali makavu, mengi yakitoka Sri Lanka na India. Tofali la kilo 5 likilowekwa huvimba na kufikia lita 60 au zaidi.

Mnazi ni mti wa pwani, na kumbi lake huhifadhi potasiamu, sodiamu na kloridi kwa wingi. Chumvi huzidi pale makumbi yanapofukiwa kwenye tope la bahari ili nyuzi zilainike, kama wanavyofanya akina mama wa Paje na Jambiani, Zanzibar, kabla ya kusokota kamba. Kamba haijali chumvi, ila mche wa nyanya unaijali. Kwa hiyo kila mtu anajua kokopiti huoshwa kwanza, na anayeosha kwa kipimo cha EC, yaani uwezo wa maji kupitisha umeme unaoonyesha wingi wa chumvi, huona namba ikishuka hadi anaridhika.

Hapo ndipo wengi wanapokwama. Maji huondoa chumvi iliyo huru tu. Chembe za makumbi zina chaji hasi, na juu yake zimeng'ang'aniwa na potasiamu na sodiamu, zenye chaji moja moja. Hizo hazitoki kwa maji matupu. Ukileta mbolea yenye kalsiamu na magnesiamu, ambazo zina chaji mbili mbili, makumbi huzikamata hizo na kuachia zile za zamani. Mmea unaachiwa maji yenye sodiamu na potasiamu ya ziada, na potasiamu hiyo nayo huibana kalsiamu kidogo iliyosalia isiingie kwenye mizizi. Kibaya zaidi, kipima EC hakioni kitu. Kinachobadilishwa ni chaji kwa chaji, hivyo namba inabaki karibu ileile huku mlo umegeuka kabisa. Mkulima anayeamini kifaa peke yake ataapa kwamba amelisha vizuri.

Dawa yake ni kuyashibisha makumbi kabla ya kupanda. Kipimo kinachotumiwa sana ni gramu 100 hivi za kalsiamu naitreti kwa tofali la kilo 5, ikiyeyushwa kwenye maji ya kulowekea. Acha yalale humo usiku kucha, yachuje, kisha suuza kwa maji safi ili sodiamu na potasiamu zilizong'olewa zitoke. Kokopiti iliyoshibishwa kiwandani ipo na ni ghali zaidi; kwangu mimi bei hiyo ni halali, mradi muuzaji aweze kuthibitisha kilichofanyika. Neno "imeoshwa" kwenye gunia halitoshi.

Baada ya hapo mbolea ya maji inakuwa hesabu ya kawaida. Msingi wa fomula nyingi ni ile ya Hoagland na Arnon wa Chuo Kikuu cha California, iliyochapishwa 1938 kwa mimea inayooteshwa ndani ya maji. Kwa nyanya zinazozaa, lita 1,000 zinaweza kubeba gramu 900 za kalsiamu naitreti, 500 za potasiamu naitreti, 200 za monopotasiamu fosfeti na 450 za magnesiamu sulfeti, pamoja na chuma na madini madogomadogo. Hiyo inatoa takriban miligramu 205 za nitrojeni kwa lita, 45 za fosforasi, 245 za potasiamu, 170 za kalsiamu na 44 za magnesiamu. Wiki za mwanzo ningepunguza potasiamu, maana makumbi bado yanatoa ya kwake.

Ukitengeneza mbolea nzito ya kuchanganywa baadaye, kalsiamu ikae tangi lake. Ikikutana na sulfeti au fosfeti kabla ya kuzimuliwa, hugeuka mashapo meupe yanayoziba matundu ya matone. Na pH iwe kati ya 5.5 na 6.2. Maji mengi ya Bonde la Ufa yana bikaboneti inayoipandisha, hivyo tindikali ya naitriki au fosforiki huhitajika, ikimiminwa polepole kwenye maji. Kamwe usimimine maji kwenye tindikali.

Umwagiliaji nao una ujanja wake. Makumbi hukauka juu huku chini yameloa, kwa hiyo jicho hudanganya. Nyanyua mfuko uupime uzito. Maji kidogo mara nyingi kwa siku ni bora kuliko mengi mara moja, na sehemu ya 10 hadi 30 kati ya kila 100 itoke chini. Kinga mfuko mmoja kwa beseni upime yanayotoka. EC yake ikizidi sana ile unayomimina, ongeza maji yanayopita, usiongeze mbolea. Jua likiwaka sana mmea hunywa maji kuliko chakula, basi mbolea ipunguzwe makali. Wengi hufanya kinyume, wakiona majani yamelegea.

Nikiri upande wa pili: kuoza kitako hakutokani na makumbi tu. Kalsiamu husafiri na maji yanayovutwa na majani, na tunda huvuta kidogo sana. Kukausha leo na kufurikisha kesho kunatosha kuliharibu tunda hata kama mfuko umeshiba. Lakini mwagiliaji mzuri mwenye makumbi yenye njaa bado atavuna hasara.

Maji yanayotoka chini ya mifuko yana naitreti; yaelekezwe kwenye migomba au majani ya ng'ombe, mbali na kisima. Msimu wa pili makumbi yaleyale hayahitaji tena kushibishwa, ila kusuuzwa chumvi iliyobaki. Yakishaingiwa na mnyauko, hayarudiwi.