Ufundi wa Shufwa na Witiri

Katika mitihani sanifu, yaani ile inayopima watahiniwa wote kwa kipimo kimoja, maswali ya shufwa na witiri huonekana mepesi kwa macho, ilhali ni machache yanayodai ufundi kama hayo. Mtahiniwa huambiwa kwamba n ni namba kamili, iwe chanya, hasi au sifuri, kisha huulizwa ni mtajo upi wa aljebra ambao hauna budi kuwa witiri, yaani ukigawanywa kwa mbili hubaki moja, tofauti na shufwa isiyobakisha kitu. Euclid, aliyeandika yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, alizipa tabia za namba hizi sehemu nzima ya kitabu cha tisa cha Elements, akazithibitisha moja baada ya nyingine kwa subira ambayo leo ni adimu.

Uchukuliwe mtajo n² + n + 1. Fundi wa kazi hii hashiki kalamu upesi, bali huutazama mpaka aone kwamba n² + n si kitu kingine ila n mara n + 1, ambazo ni namba mbili zinazofuatana, na kwa kuwa katika namba mbili zinazofuatana moja ni shufwa, zao lake nalo ni shufwa, hivyo ile moja iliyosalia huufanya mtajo wote uwe witiri, hata kama thamani ya n haitajulikana kamwe.

Vitabu vya kujiandaa na mitihani hufundisha njia ya mkato, nayo ni kuweka 1, kisha 2, mahali pa n. Njia hiyo si ya kubezwa, kwani mtajo uliojengwa kwa kujumlisha, kutoa na kuzidisha namba kamili tupu huzitendea shufwa zote sawa, na witiri zote vivyo hivyo, kwa hiyo majaribio mawili hutosha. Tatizo huanza pale kugawanya kunapoingia. Mtajo n(n + 1)/2 hutoa 1, kisha 3, na mwenye haraka huandika kwamba ni witiri daima, kumbe n ikiwa 3 jibu ni 6.

Mkato huo sasa una msaada wa kikokotoo. Mtihani wa SAT, mmoja wa mitihani sanifu, ulioanza Marekani mwaka 1926, uliruhusu vikokotoo mwaka 1994, na tangu ulipohamia kwenye kompyuta nchini humo mwaka 2024 kikokotoo kimo ndani ya skrini katika sehemu yote ya hisabati. Kisingizio cha uhaba wa muda, kinachotolewa mara kwa mara na wanaokimbilia mkato bila kuuelewa, hakina mashiko, kwa sababu zamani maswali 58 yalipewa dakika 80, na sasa maswali 44 yamepewa dakika 70. Muda kwa kila swali umeongezeka. Kilichopungua ni hamu ya kuuliza kwa nini majaribio mawili yalitosha.